Tuta Baada ya Matanga

Mtoto akigongwa mbele ya shule, tunajua kitakachofuata. Askari wa usalama barabarani watapita shuleni kuwafundisha watoto kuvuka: tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia. Vizuri. Lakini mtoto hakuchora barabara.

Mtoto hakuchora njia nne mbele ya geti la darasa la kwanza. Hakuamua njia ya waenda kwa miguu igeuke kijiwe cha bodaboda, yeye apite ukingoni mwa mtaro. Anatembea kwa sababu konda kamwacha kituoni; nauli yake ni ndogo, hana faida. Akifika kwenye kivuko cha pundamilia, gari la kwanza linasimama, la pili linalipita lile lililosimama. Hapo kulia na kushoto keshatazama.

Gari la kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya dereva kushtuka, mita 14 zimekwenda na breki haijaguswa. Kwa kilomita 30, ni mita 8 na ushee.

Na dawa tunayo. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend ulifanya kazi hapa hapa Dar es Salaam: matuta, vivuko, vigingi, njia za miguu, na penginepo geti la shule likahamishiwa mtaa wenye magari machache. Mwaka 2019 ukapata tuzo ya miji ya taasisi ya WRI. Dunia ikatupigia makofi. Shule ngapi bado zinasubiri tuta?

Maana kwetu tuta huja baada ya matanga. Mtoto agongwe, watu wafunge barabara, wachome matairi, ndipo lori la kifusi lifike. Muulize mkazi yeyote tuta la mtaani kwake lilijengwa lini. Atakutajia jina la marehemu.

Tunaambiwa elimu, elimu, elimu. Haya, wahandisi wa barabara wa TARURA na TANROADS, nanyi njooni darasani! Njooni getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mchuchumae, muione barabara kwa kimo cha mtoto wa miaka saba. Wazazi, nendeni mkutano wa mtaa, ulizeni tuta litajengwa lini, na jibu liandikwe kwenye muhtasari. Madereva, punguzeni mwendo, msingoje tuta! Mtoto hakuchora barabara. Aliyeichora yupo, na kalamu bado anayo. Achore kivuko, wiki hii hii!