Kusomea Mwili, Si Kusomea Mpira
(Mazungumzo na vijana baada ya taraweh, Busia)

 

Kuna kijana wetu amemaliza digrii. Akamwambia babake anataka uzamili wa sayansi ya michezo. Mzee akauliza: "Yaani niuze ng'ombe mwingine ukasomee mpira?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwani ng'ombe si mchezo na mzee ana haki ya kuuliza.

Mzee wangu, mtoto hasomei mpira. Anasomea moyo, mapafu, misuli, maji na usingizi. Mtume (s.a.w.) alimzuia Abdullah bin Amr asifunge kila siku na kusimama usiku kucha, akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Sasa utaupaje haki mwili usioujua?

Mwangalie Mike Boit. Mwaka 1972 alipata shaba ya mita 800 kule Munich. Akasoma Marekani hadi udaktari, akaja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya chakula cha wakimbiaji 10 hodari wa Kenya. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga na sukari. Ni ugali, wali na chai ya maziwa, basi!

Na Ramadhani? Mwaka 2006 madaktari wa FIFA waliwapima vijana wanasoka wa Tunisia wakiwa wamefunga. Walioangaliwa maji, chakula na usingizi hawakuonekana kudhurika. Kwa hiyo wewe unayekesha ukitazama video halafu unaruka daku, usiisingizie saumu miguu ikiwa mizito.

Lakini maswali mengine yako hapa hapa kwetu. Boda boda ilizaliwa mpakani huu, vijana wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda. Anayekanyaga baiskeli na gunia la mahindi Malaba, saa nane, jua kali, amefunga, anapoteza maji kiasi gani? Mpime kwenye mzani wa mahindi kabla ya kazi na baada. Kilo moja iliyopungua kwa saa chache ni karibu lita moja ya maji. Uzamili ni kuuliza swali kama hilo kwa utaratibu na vipimo bora, mpaka umwambie yule kijana anywe kiasi gani kati ya futari na daku, na lini ni hatari kuendelea. Hapo sheikh na mtaalamu wakae pamoja.

Si lazima kwenda ng'ambo. Kenyatta wanafundisha, na Masinde Muliro pale Kakamega pia. Ila bayolojia na kemia usizikimbie.

Yule mzee hajakubali bado. Ameuliza karo ni ngapi kwa mwaka na kazi iko wapi. Nimemwambia baada ya Idi tutapanda matatu sisi watatu hadi Kakamega, akawaulize mwenyewe.