Daftari la Vifo: Kutabiri Mauti ya Watu Mashuhuri

(Mawaidha yaliyotolewa baada ya Sala ya Isha, Ipole, wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora)

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu Wata'ala), Muumba wa mauti na uhai. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama ba'ad.



Tumeombwa tuzungumze usiku huu juu ya daftari. Wengi wenu mmeshasikia habari zake, na kila mmoja amezisikia kwa namna yake, basi ni bora tuzieleze kama zilivyo. Siku chache kabla ya Ramadhani tulimkuta mwanafunzi wetu mmoja wa madrasa ameficha daftari chini ya jamvi. Ndani yake mlikuwa na orodha ya majina: wanasiasa wazee, waimbaji, waigizaji wa filamu, wachezaji wa mpira wa Ulaya, marais wa nchi za mbali. Mbele ya kila jina limeandikwa jina la kijana aliyelichagua, na shilingi 500 alizotoa. Ambaye mtu wake atafariki kabla ya mwaka kwisha, huyo ndiye mwenye haki ya kuchukua fedha zote. Walioshiriki ni vijana kumi na mmoja, na wanne miongoni mwao wamehifadhi juzuu tano.

Mchezo wenyewe hawakuubuni wao. Huko Marekani na Uingereza wako watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao kila mwaka unapoanza huandika orodha ya watu mashuhuri wanaodhani watakufa, kisha huhesabiana pointi. Wengine huweka fedha, wengine hujiburudisha tu. Simu imetuletea na hili.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ndio uliotunyima usingizi. Majina ya mbali yalikwisha, vijana wakaanza kuandika ya karibu. La tatu lilikuwa jina la mzee wetu aliyeadhini katika msikiti huu tangu wengi wetu tukiwa watoto, naye siku hizo alikuwa amelazwa hospitali. Mjukuu wake anasoma darasa hilohilo. Alilisoma jina la babu yake kabla hatujalisoma sisi.

Enyi Waislamu, tusiwashike watoto kabla ya kujishika wenyewe. Nani aliyewafundisha kwamba mauti ya mtu ni jambo la kubashiriwa? Tuliokuwa tukisoma magazeti miaka ile tunakumbuka. Kila mwaka mpya ulipokaribia, tulikuwa tukisubiri utabiri wa Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyejulikana Afrika Mashariki nzima: nani atapanda, nani ataanguka, na msiba gani utaikumba nchi. Kuelekea uchaguzi mkuu wa mwaka 2010 alitangaza kwamba mwanachama wa CCM atakayejitokeza kushindana na Rais Kikwete katika kugombea urais atakufa ghafla. Maneno hayo yalizungumzwa mabarazani na kwenye mabasi, na wako walioyazungumza wakitoka msikitini.

Hebu tuyapime. Ndani ya chama hakuna aliyejitokeza, na Rais Kikwete akapitishwa peke yake. Basi je, utabiri ule ulikuwa kweli au uongo? Hauwezi kuitwa kweli, wala mwenyewe hakuweza kushikwa kwa uongo, kwa sababu sharti lake halikutimia. Kilichobaki kwa watu ni hofu tu. Na waliosimama kutoka vyama vingine, akiwamo Profesa Lipumba, mzaliwa wa Ilolangulu hapahapa Tabora, walizunguka nchi nzima wakiomba kura, uchaguzi ukapita, wakarudi makwao salama. Sheikh Yahya mwenyewe alifariki Dar es Salaam tarehe 20 Mei 2011. Hatumtaji ili kumtukana. Mtume (s.a.w.) amekataza kuwatukana wafu, kwa kuwa wameshafikia yale waliyoyatanguliza, na hadithi hiyo imo katika Sahihi Bukhari. Tunayoyazungumza ni maneno aliyoyatangaza hadharani, na sisi tulioyanunua.

Wanavyuoni wetu wametofautisha mambo mawili katika elimu ya nyota. Ipo hisabati ya mwendo wake, wanayoiita tasyiir, ambayo msafiri huijulia kibla na mkulima huijulia msimu, na hiyo haina ubaya. Na ipo itikadi ya kwamba nyota zina athari katika riziki na ajali za waja, wanayoiita ta'thiir, na hiyo ndiyo iliyoharamishwa. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, watu walisafiri hadi Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama, kwa kuwa wataalamu walikwishaijua saa na mahali. Ile ni hisabati. Lakini hakuna hisabati inayosema fulani atakufa siku fulani.

Na ajabu ni kwamba kisa cha kupatwa kwa jua na kifo cha mtu maarufu tunacho katika Sunna. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa pale Madina. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Lau Mtume wetu angekuwa mtafuta umaarufu, ni fursa gani kubwa kuliko hiyo? Mbingu nzima inamlilia mwanawe! Naye alikuwa katika huzuni ya mzazi. Lakini alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, wala havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa yeyote, na akawaamrisha kusali. Wameipokea Bukhari na Muslim.

Wako wanaosema: "Wanajimu hawatazami nyota tu, wana majini, na majini wanaona." Ndugu zetu, someni Suratu Sabaa, aya ya 14. Nabii Sulaiman (a.s.) alikuwa mfalme asiye na mfano, na majini walifanya kazi ngumu chini ya amri yake. Akafa akiwa ameegemea fimbo yake. Majini wakaendelea kufanya kazi, wakimwona amesimama, wala hawakujua, mpaka mdudu wa ardhini alipoila fimbo ile na mwili ukaanguka. Hapo ndipo ikabainika kwamba lau wangelijua ghaibu wasingelikaa katika adhabu ile. Sisi wa Ipole hatuhitaji tafsiri ndefu ya mdudu huyo, maana tunajua mchwa wanavyofanya mizinga yetu ya magome na nguzo za nyumba. Basi ikiwa majini hawakujua kifo kilichokwisha kutokea mbele ya macho yao, cha mtu mashuhuri kuliko wote waliomjua, watajuaje kifo kisichotokea, cha mwimbaji wa Dar es Salaam?

"Mbona wakati mwingine hupatia?" Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba kuhani hupata neno moja lililoibwa, akalichanganya na uongo mia. Na mara nyingine hata neno hilo moja halihitajiki. Februari 2012 mhubiri wa Kikristo wa Nigeria, T. B. Joshua, alitabiri kifo cha kiongozi wa nchi ya Afrika. Tarehe 5 Aprili mwaka huo akafa Rais Bingu wa Mutharika wa Malawi, na dunia ikastaajabu. Lakini hesabuni: Rais wa Guinea-Bissau, Malam Bacai Sanhá, alikwisha kufa Januari. Julai akafa Rais Atta Mills wa Ghana. Agosti akafa Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Viongozi wanne katika mwaka mmoja! Anayesema "atakufa kiongozi mmoja" katika bara lenye nchi zaidi ya hamsini, wengi wa viongozi wake wakiwa watu wazima na wagonjwa, ni sawa na anayesema masika Ipole itanyesha.

Mwaka huohuo, tarehe 7 Aprili, alifariki mwigizaji Steven Kanumba, kijana wa miaka 28. Novemba 26 akafa Sharo Milionea kwa ajali ya gari huko Muheza. Tunayakumbuka maneno ya vijiweni: "Sasa anafuata nani?" Watu wakataja Freemason, wakataja namba na ishara. Mama zao walikuwa wanalia, na sisi tunapanga foleni ya watakaofuata.

Tusidhani pia kwamba ni ugonjwa wa zama za simu. Nchi yetu hii ya misafara inao ushahidi wa zamani. Mwishoni mwa mwaka 1866 watu wa Anzuani waliomtoroka Mwingereza Livingstone walifika Unguja, wakiongozwa na mmoja aitwaye Musa, wakasema bwana wao ameuawa. Walieleza hadi namna alivyopigwa. Habari ikavuka bahari, magazeti ya London yakaiandika. Mwaka 1867 ukatumwa msafara wa E. D. Young hadi Ziwa Nyasa kuchunguza, ukakuta ni uzushi. "Marehemu" huyo alikutwa Ujiji na Stanley mwaka 1871, na mwaka uliofuata wakawa pamoja Kwihara, jirani na mji wa Tabora. Alikufa Mei 1873 huko Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na wale waliokuwa naye, Susi na Chuma na wenzao, hawakuja na maneno matupu. Walikuja na maiti yake mabegani, wakaifikisha Unyanyembe Oktoba mwaka huo, kisha pwani. Akazikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Inatuuma kwamba walioutunga uongo ule walikuwa na majina yetu, nao walikuwa na Suratul Hujuraat, ambayo aya yake ya sita inaamrisha habari ya mtu fasiki ichunguzwe kwanza.

Na sisi tunaowahutubia hatukusalimika. Hapa Ipole ni njia panda. Gari la Mpanda linapita, la Rungwa linapita, na habari hushuka pamoja na abiria. Mnakumbuka usiku tuliotangaza kutoka hapa tuliposimama kwamba sheikh mmoja wa mkoa mwingine amefariki. Tuliipokea kwa simu, kutoka kwa mtu aliyeipokea kwa mtu. Tukawasimamisha, tukamsalia sala ya ghaibu, takbira nne, na baadhi yenu mkalia. Kesho yake jamaa zake wakatujulisha kuwa yuko shambani analima. Mtume (s.a.w.) alitangaza kifo cha Najashi siku ileile aliyokufa Uhabeshi, kwa wahyi, ili watu wamsalie. Sisi hatukuwa na wahyi, hata namba ya nyumbani kwake hatukuipiga. Tulitaka kuwa wa kwanza kusema. Tunamuomba Allah msamaha, na ninyi pia.

Sasa hukumu. Fedha za daftari ni kamari, na Suratul Maida, aya ya 90 na 91, imeiweka pamoja na ulevi na masanamu. Anayekwenda kumuuliza mtabiri, hadithi ya Muslim inasema sala yake ya siku arobaini haikubaliwi. Haya mnayajua. Lakini lipo lililo ndani zaidi. Mwenye shilingi 500 juu ya kichwa cha mtu huamka asubuhi akitumaini kusikia kilio kwenye nyumba ya mwenzake. Hata asiyeweka fedha, akikisia tu kwa mchezo, hufurahi alipopatia. Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza lilipopita. Akaambiwa ni la Myahudi. Akauliza: kwani si nafsi? Nafsi ambayo hakuiwekea dau.

Tumekubaliana na wazee wa msikiti kwamba kuanzia sasa hakuna tanzia itakayosomwa hapa mpaka mmoja wetu azungumze na mtu wa nyumba ya marehemu. Ikichelewa, ichelewe.

Mzee wetu ametoka hospitali, Alhamdulillah, na Ijumaa iliyopita mliisikia adhana yake. Vijana wote kumi na mmoja walikwenda kwake kumuomba radhi. Aliwauliza aliandikiwa shilingi ngapi, walipomjibu akacheka sana, akasema alidhani thamani yake imezidi hapo. Kisha akamshika mjukuu wake mkono, wakakaa kimya kitambo kirefu.

Kwa kuwa hakuna aliyekwisha kuchukua fedha zile, kila mmoja anarudishiwa zake. Kumi wameshachukua. Shilingi 500 moja bado tunayo mfukoni. Mwenyewe yumo humu ndani, na tunamwomba aje atuone tukishamaliza witri.

Wabillahi tawfiiq.