Nukta na Mkato katika Barua za Wananchi

Maelezo haya yalitolewa mbele ya wakazi wa kata katika mkutano wa elimu ya watu wazima.



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, nalo ni sentensi zinazounganishwa pasipo kiungo. Huenda mtu akasema kuwa hayo ni mambo ya darasani. Lakini kila mmoja wetu huandika, au huandikiwa na mwanawe, barua ya maombi, lalamiko la huduma, makubaliano ya shamba, au ujumbe wa simu kwa mwenyekiti. Anayepokea maandishi hayo hana uso wetu wala sauti yetu. Ana karatasi tu.

Tuchukue mfano wa lalamiko la maji: “Bomba la kutoka tangini limepasuka tangu Jumatatu fundi alikuja akakagua akaondoka hajarudi pampu imezimwa watu wanachota mtoni tunaomba msaada.” Mwandishi ana haki yote, ila msomaji anabaki na maswali. Je, pampu imeharibika, au imezimwa ili maji yasimwagike? Akidhani imeharibika, atamtuma fundi wa pampu, na fundi huyo atafika pasipo kipande cha bomba. Siku nyingine itapotea, na watoto wataendelea kuteremka mtoni na ndoo.

Wengi wakiona msongamano huo hutia mkato, au koma kama tulivyozoea kuiita, kila penye pumzi: “Bomba limepasuka, fundi hajarudi, pampu imezimwa, watu wanachota mtoni.” Barua sasa inapendeza macho, lakini swali la pampu limebaki palepale. Mkato hutenga vitu ndani ya wazo moja. Hauna nguvu ya kumaliza wazo, wala haueleti sababu na matokeo.

Kwa nini kosa hili hutupata kwa urahisi? Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda ndani yake. Neno “limepasuka” peke yake ni sentensi kamili, kwani “li” inataja bomba na sehemu iliyobaki inaeleza lililotokea. Hivyo mtu huweza kupanga vitenzi kumi, kumbe amepanga sentensi kumi. Katika mazungumzo hakuna hasara, kwa kuwa sauti hushuka na mkono huonyesha. Washairi wa pwani walioandika kwa hati za Kiarabu walikuwa na vina na mizani. Mshororo wa utenzi wenye mizani 8 humjulisha msikilizaji mahali pa kutua. Barua haina vina, kwa hiyo nukta ndiyo humwonyesha msomaji pa kutua.

Kulitambua kosa kuna njia nyepesi. Simama kwenye kila mkato, kisha weka neno “je” kabla ya maneno yanayofuata. “Je, pampu imezimwa?” Swali limekamilika, basi hiyo ni sentensi inayojitegemea. Kama maneno yaliyo kabla ya mkato nayo yanajitegemea, mkato ule hautoshi. Lakini ukisema “Je, bomba lililopasuka?” msikilizaji atangoja umalizie. Hicho ni kishazi tegemezi, nacho hakiwezi kusimama peke yake.

Ukishalitambua kosa, zipo dawa nne. Ya kwanza ni nukta na herufi kubwa. Ya pili ni kiunganishi kinachotaja uhusiano: kwa sababu, lakini, hivyo, ingawa. Ya tatu ni nuktamkato, pale mawazo mawili yanapokaribiana sana. Ya nne ni kukifanya kimoja kimtegemee mwenzake: “Bomba lililopasuka Jumatatu halijatengenezwa.” Basi lalamiko letu litasomeka hivi: “Bomba la kutoka tangini lilipasuka Jumatatu. Fundi alikuja, akakagua, akaondoka. Hajarudi hadi leo. Pampu ni nzima, lakini imezimwa ili maji yasimwagike. Kwa hiyo watu wanachota mtoni. Tunaomba fundi aje na kipande kipya cha bomba.”

Angalieni maneno “alikuja, akakagua, akaondoka.” Hapo mikato ni halali. Vitenzi vyenye “ka” huegemea kitenzi cha kwanza na kusimulia mambo yanayofuatana. Asije mtu akaikata simulizi nzuri vipande vipande kwa kuogopa kosa.

Sasa nije kwenye karatasi zinazogusa mali. Fikirini makubaliano haya: “Nimemkabidhi jirani yangu shamba la bondeni, baada ya mavuno ya masika, atanilipa magunia mawili ya mahindi.” Mwenye shamba anasema malipo ni baada ya mavuno. Mkodishwaji anasema kwamba shamba alikabidhiwa baada ya mavuno, kwa hiyo malipo yangoje msimu mwingine. Karatasi ni moja, na kila mmoja ana haki ya kuisoma alivyoisoma. Nukta moja baada ya neno “bondeni” ingempa haki mwenye shamba. Ikiwekwa baada ya “masika,” ingemwelekea mkodishwaji. Ilipokosekana, majirani wawili wamefika mbele ya Baraza la Kata, na salamu kati yao zimekoma.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lisiloeleweka halimlindi mwenye mali. Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Maneno tunayoyaandika wenyewe, kwa lugha yetu, yanaweza kusomwa mbele ya hakimu kama yalivyo.

Kwa ndugu zetu watumishi nina ombi. Mwananchi asirudishwe nyumbani kwa kukosa nukta. Aulizwe alichokusudia, asomewe barua yake, na isahihishwe mbele yake. Na kwenu wananchi: kabla ya kutia sahihi, mpe mtu mwingine aisome barua kwa sauti. Akikwama, au akiuliza “nani?” au “lini?”, hapo ndipo pa kurekebisha. Asiyejua kusoma naye ana haki hiyo. Asitie dole gumba mpaka asomewe, tena polepole, sentensi kwa sentensi.