Kuishi Mbalimbali Si Kosa, Kuficha Ndiko Kosa

(Maneno yaliyosemwa na kamati ya maendeleo kwa wazazi wenye watoto ng'ambo, baada ya ibada)



Jambo tunalolizungumza leo ni la Marekani, lakini limeshaingia katika nyumba zetu. Mama mmoja alitujia akiwa na wasiwasi. Binti yake ameolewa na raia wa Marekani. Bwana amepata kazi Texas, naye binti amebaki Minnesota akimalizia masomo ya uuguzi. Kadi yake ya ukaaji, ile tunayoiita grinikadi, iko karibu kuisha. Jamaa wamemshauri, "Wewe andika tu anwani moja, waambie mnakaa pamoja." Mama akatuuliza: hiyo ni sawa? Tulimwambia hapana, si sawa, na tena haina haja.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1986 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia ndoa za uongo. Ikiwa ndoa haijatimiza miaka miwili siku mtu anapopewa ukaaji, yeye hupata kadi yenye masharti, ya miaka miwili tu. Ili masharti yaondolewe, mume na mke hutia sahihi pamoja fomu iitwayo I-751. Fomu hiyo hupelekwa katika siku 90 za mwisho kabla ya kadi kuisha. Asiyepeleka hupoteza ukaaji wake, na anaweza kuitwa mbele ya hakimu wa uhamiaji ili arudishwe kwao. Aliyechelewa anaweza kupeleka, lakini ni lazima aeleze kwa maandishi sababu ya maana.

Sasa sikilizeni vizuri. Swali kubwa la wakubwa wa uhamiaji ni hili: watu hawa walioana kwa nia njema, au walioana kwa ajili ya karatasi? Kuishi mbalimbali peke yake hakuvunji ombi. Kwani hata hapa kwetu, ni mabwana wangapi wako kazini Mombasa au Nairobi na mama yuko shambani? Ndoa ni ndoa. Ila wataulizwa sababu, na jibu liwe la kweli.

Kwa hivyo tunawaambia watoto wetu mambo matatu.

Kwanza, kama mnaishi mbali kwa ajili ya kazi au masomo na mnapatana, andikeni anwani zote mbili na mweleze sababu kwa barua fupi. Wekeni barua ya mwajiri au ya chuo, tikiti za safari za kutembeleana, karatasi za benki ya pamoja, mkataba wa nyumba mliyokaa pamoja, karatasi za ushuru mlizojaza kama wanandoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kama wapo. Mkiitwa kuhojiwa, nendeni wote wawili.

Pili, kama mmetengana kwa ugomvi lakini hamjaachana mbele ya sheria, bado mnaweza kutia sahihi pamoja. Mwenzako akikataa, usikae ukingoje kadi ife. Iko njia ya kuomba peke yako. Talaka ikishatolewa, unaonyesha hati ya talaka na ushahidi kwamba mlioana kwa nia njema. Kama kesi ya talaka haijaisha, tafuta wakili mapema akuongoze. Aliyefiwa na mwenzake pia anaweza kuomba peke yake.

Tatu, na hili linatuuma. Wako mabinti wanaopigwa, na bwana anawaambia, "Ukitoka hapa, kadi yako imekwisha." Huo ni uongo. Tangu mwaka 1990 sheria yao inamruhusu aliyepigwa au kutendewa ukatili mkubwa na mwenzake kuomba peke yake, bila sahihi ya bwana, na bila kungoja talaka. Ripoti ya polisi, karatasi ya hospitali, picha, hata barua ya mchungaji aliyemsikiliza, zote ni ushahidi.

Na hapa wazazi tujisahihishe. Mtoto anapiga simu usiku akilia, nasi tunamwambia, "Vumilia, mwanangu, usituaibishe, ngoja upate kadi kwanza." Tunafikiri tunamsaidia, kumbe tunamfunga. Tumwambie atoke mahali pa hatari, kisha atafute msaada wa sheria. Kadi isiwe bei ya maisha yake.

Mtauliza, sisi huku tutasaidia na nini? Tunaweza kuwa mashahidi. Fomu hiyo hukubali viapo vya watu wanaowajua wote wawili tangu kadi ilipotolewa. Kama mkwe alikuja kuwasalimu, au mmekuwa mkizungumza nao wote wawili kwa simu, semeni hivyo. Taja jina lako kamili, mahali unapokaa, tarehe na mahali ulipozaliwa, na jinsi unavyowajua. Andika uliyoyaona kwa macho yako, si uliyoambiwa. Kiapo peke yake hakitoshi. Ni cha kuunga mkono zile karatasi nyingine.

Msiandike uongo hata kwa huruma. Kuoana kwa ajili ya kukwepa sheria ya uhamiaji ni kosa la jinai kule: kifungo hadi miaka 5, na faini inayoweza kufika dola 250,000. Na ndoa ya kweli ikichanganywa na anwani ya uongo, huanza kufanana na ya uongo. Njia ya mwongo ni fupi.

La mwisho, mtoto akishapeleka fomu, aitunze risiti. Mwaka 2023 idara yao ya uhamiaji ilianza kutoa risiti zinazoongeza muda wa kadi kwa miezi 48 ombi likiangaliwa. Akihama nyumba, awaarifu katika siku 10. Barua ikienda kwa anwani ya zamani, atakosa mwito bila kujua.

Yule mama alimpigia binti yake simu hapo hapo ofisini kwetu. Binti alisema ataandika anwani zote mbili. Nanyi mkifika nyumbani leo, pigeni simu. Ulizeni kwanza, "Mwanangu, uko salama?" Kisha ulizeni, "Kadi yako inaisha lini?"

Mungu awabariki.