Kuwabana Wahusika Mahali Pamoja: Mada kwa Waandishi Chipukizi, Maliba



Katika miswada niliyopewa kusoma kabla ya kuja Maliba, mvua inanyesha sana. Kijana na msichana wanajikinga kwenye baraza la duka, wanasimuliana maisha yao tangu utotoni, mvua inakatika, wameshapendana. Mbinu ya kuwabana wahusika mahali pamoja ni ya zamani, nami sina ugomvi nayo. Ninacholalamikia ni kwamba tunaitumia ili wahusika waongee, wakati kazi yake ni kuwalazimisha waamue.

Ngũgĩ wa Thiong'o alilifahamu hilo. Katika Shetani Msalabani, riwaya aliyoiandika kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni akiwa kifungoni Kamiti mwaka 1978, watu sita, dereva akiwamo, wamo ndani ya matatu kuukuu kutoka Nairobi kwenda Ilmorog. Njiani inajulikana kuwa Wangari, mama aliyepigania uhuru, hana nauli. Mwaura, mwenye gari, anataka kumshusha. Baadhi ya abiria wanajitolea kumchangia. Nauli ya mtu mmoja tu, na tumeshajua nani ni nani. Baadaye zinakuja hotuba ndefu, nyingine zinachosha kusema kweli, lakini tunavumilia kwa sababu wasemaji tumekwisha kuwapima. Said Ahmed Mohamed alibana zaidi katika tamthilia ya Amezidi: Ame na Zidi, pangoni.

Sisi wa Kasese, Uganda, hatuhitaji mvua ya kubuni. Mwezi wa Mei 2020 mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilifurika karibu kwa wakati mmoja. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, kwa hiyo waliopoteza nyumba walilala madarasani. Serikali ilisema mkae mbalimbali, mto ukasema mkae pamoja. Mwandishi akikosa hadithi hapo, atafute kazi nyingine.

Tuchukue ndugu wawili wa kubuni, wenye mashamba ya kahawa yanayopakana, ambao hawajasalimiana kwa miaka mingi kwa sababu ya mti wa mpaka. Maji yamekwenda na mti, na sehemu ya shamba la kila mmoja. Sasa familia zao zimepewa darasa moja. Mke wa mkubwa ameokoa sufuria. Mke wa mdogo ana unga wa muhogo. Bila sufuria hakuna obundu, ugali wa muhogo, na bila unga sufuria ni chuma tu. Nani atatangulia kusema? Nadhani ni watoto, kwa kuwa njaa yao haijui kesi za ardhi. Je, kaka mkubwa akiamriwa na mkewe amwite mdogo wake, atamwitaje: kwa jina, au "baba fulani" kama mtu wa mbali? Andika hapo pole pole. Usiwaache wakumbatiane ukurasa wa tatu. Huenda wakala pamoja na bado wakaanza kubishana mti ulikuwa wapi, na ubishi huo ukatueleza mengi kuliko machozi.

Sababu ya kutoondoka nayo iwe ya kweli. Dereva wa lori anayesubiri karatasi za forodha mpakani Mpondwe, pale Bwera, hawezi kuacha mzigo wa tajiri. Hilo msomaji hatalipinga. Lakini mwanamke aliyefungiwa chumbani na mwanamume asiyemtaka, kisha mwandishi akamfanya ampende kwa kuwa hana pa kwenda, hapo hatujakuza mhusika. Tumemvunja, tukaita mapenzi.

Wengi pia wanasahau kufungua mlango. Barabara ikitengenezwa, karatasi zikigongwa mhuri, shule ikihitaji madarasa yake, ndipo tunajua kama mtu amebadilika au alikuwa anavumilia tu. Anayeondoka wa kwanza, anayebaki kufagia, anayeondoka na sufuria ya mwenzake: hao mimi huwaamini kuliko anayetangaza kwamba amejifunza.

Kwa zoezi la baada ya chai, kila mmoja aandike ukurasa mmoja: teksi ya Kasese kwenda Bwera imeharibika Kikorongo, jua linazama, chupa ya maji ni moja, na abiria wawili wanafahamiana kwa ubaya. Mazungumzo yasizidi mistari minne. Tutasoma kwa sauti saa tisa.