Mgonjwa wa Akili na Watu wa Nyumbani Kwake



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu, ndugu zangu, nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kwa jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona, nalo ni maradhi ya akili.

Naanza na kosa langu. Mtoto wa dada yangu alipatwa na maradhi hayo, akawa asikia sauti za watu wasiokuwapo. Alitibiwa Butabika, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955 hapa Kampala, akarudi ametulia, asali na kwenda sokoni. Nikamwambia mama yake, "Dada, mtoto amepona, vidonge vya nini tena?" Nikamsomea kisomo, vidonge vikaachwa. Hazikupita wiki nyingi, kijana akatoka usiku bila ya nguo, na sisi wajomba zake tukamfunga kamba kwenye nguzo ya ua.

Kisomo si kosa. Nasoma hata leo. Kosa ni kukiweka mahali pa dawa, hali Mtume ametufunza kujitibu. Dawa hizi aghalabu hutumiwa hata baada ya mtu kutulia, na mwenye kuamua kuzipunguza ni daktari, si mjomba.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1972 George Brown na wenzake wa London walieleza kwamba wagonjwa waliorudi katika nyumba za lawama na ukali walirudiwa na maradhi zaidi kuliko waliorudi katika nyumba za utulivu. Ulimi wa shangazi waweza kubomoa kazi ya daktari! Na Sura ya Nisaa ilikwisha kutuamrisha juu ya wasioweza kusimamia mali: tuwalishe, tuwavishe, na tuseme nao maneno mema. Maneno yametajwa pamoja na chakula.

Kamba tuliifungua alfajiri, tukamrudisha hospitali sisi wenyewe. Sasa dada humpa vidonge baada ya chakula cha usiku, mdogo wake humsindikiza kwa daktari, nami nimepewa kazi ya kutomkaripia, nayo mara nyingi hunishinda. Twala naye sinia moja. Akikosa usingizi siku mbili tatu, hatungoji.

Jana aliniuliza kama nitamtaja. Nikamjibu, "Nitataja kosa langu; jina lako sitalitaja." Akacheka, akasema, "Itaje na kamba, mjomba."

Wabillahi tawfiq.