Huduma ya Kupunguza Kwato za Ng'ombe: Biashara Isiyosimama kwa Chama Kimoja

Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa



Katika makadirio ya mwaka ya vyama vingi vya maziwa, fedha hutengwa kwa ajili ya pumba, dawa ya kupe na uhimilishaji. Ni nadra kukuta kifungu cha kwato. Hata hivyo ng'ombe asiyeweza kusimama vema hawezi kula vya kutosha, wala kutoa maziwa ya kutosha.

Ukwato hukua kama ukucha wa binadamu, karibu nusu sentimita kwa mwezi. Ng'ombe aendaye malishoni na mtoni huusaga ardhini. Ng'ombe wa kufugwa bandani, kama ilivyo desturi ya wafugaji wengi wa Hai, Rungwe na Njombe, hana safari hiyo. Baada ya miezi 6 ncha yaweza kuongezeka kiasi cha sentimita 3. Hapo uzito hurudi kisiginoni, na ukwato wa nje wa mguu wa nyuma hubeba zaidi ya fungu lake. Kidonda huanza chini ya wayo, mahali ambapo mwenye ng'ombe haoni. Banda lenye samadi na mkojo hulainisha kwato na kuzidisha madhara.

Mfugaji anapomwona ng'ombe akichechemea, aghalabu kidonda kimekwisha komaa. Maziwa yamepungua, na mnunuzi wa kwanza kubisha hodi ni mchinjaji. Mwanachama hupokea bei ya nyama kwa ng'ombe aliyemnunua kwa bei ya maziwa, na chama nacho hupoteza lita zake kila asubuhi.

Kazi ya kuzuia hasara hiyo si ngumu, ila yataka mafunzo. Vifaa vyake ni kibanio imara cha kumsimamishia ng'ombe, kamba, kisu cha kwato, koleo na tupa. Fundi hupunguza ncha kwanza, kisha husawazisha nyayo ili kwato mbili za mguu zigawane uzito. Wayo ukianza kubonyea kwa kidole gumba, hapana budi aache kukata, kwa maana chini yake ni nyama hai. Vidonda na uvimbe ni kazi ya daktari wa mifugo. Vifaa na viatu vioshwe kwa dawa kabla ya kwenda boma jingine. Na panapotangazwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, kazi isimame.

Basi kijana mmoja apelekwe mafunzoni na chama kinunue vifaa? Yafaa hesabu ifanywe kwanza. Tuseme chama kina ng'ombe 120, na kila mmoja ahudumiwe mara 2 kwa mwaka. Hizo ni kazi 240. Fundi akimaliza ng'ombe 6 kwa siku, amepata kazi ya siku 40 tu. Siku 325 zilizosalia atakula nini? Atakwenda mjini, na vifaa vitaota kutu katika ghala la chama. Vyama 5 vya ukubwa huo vikishirikiana, siku za kazi huwa 200, na hapo fundi ana riziki, mkono wake hauisahau kazi, na gharama ya vifaa hugawanywa mara tano.

Kwa hiyo vyama jirani viafikiane kwa maandishi juu ya mambo manne. Kwanza, vifaa ni mali ya nani, na nani atavitunza. Pili, ratiba ya kila chama, ili fundi asivutwe na wenye sauti kubwa. Tatu, ada, ambayo lazima itoshe ujira, nauli, dawa na akiba ya kununulia vifaa vipya. Ada ya kumfurahisha mwanachama leo isiyoweka akiba huiua huduma kisu kinapokwisha. Nne, makato katika malipo ya maziwa, yafanywe kwa idhini ya mwanachama iliyotiwa saini.

Katibu naye afungue daftari lenye tarehe, jina la mwanachama, ng'ombe aliyehudumiwa, hali ya kwato na ada iliyolipwa. Fedha za huduma zisichanganywe na fedha za maziwa. Chama kikihitaji mkopo wa vifaa, uwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya mkutano mkuu ujao, kila katibu ahesabu ng'ombe wa wanachama wake, na wale wanaochechemea sasa, kisha aipeleke hesabu hiyo kwa katibu wa chama jirani. Mazungumzo ya biashara hii yaanzie hapo.